Kitambaa cha Kuamsha Laana

Sogeeni hapa karibu na jiko, na huyo anayetafuna muwa anyamaze kwanza.

Nilipokuwa mtoto kule Kalimoni, nyumba yetu ilisemwa ina laana: wanawake wake huanguka. Dada mkubwa wa mama aliangukia jikoni, hakuamka. Cucu, mama yao, alianguka akabaki na mdomo umeenda upande na mkono mmoja umekufa. Ule mwingine ulimtosha kuvuta ugoro na kutuchapa.

Cucu alijua kilichoiamsha laana. Asubuhi ya siku aliyoanguka, nesi wa shamba la kahawa alikuwa amemfunga kile kitambaa cha mkononi kinachojaa upepo. Kabla ya jioni akawa chini. Basi tukakatazwa hata kupita karibu na dispensari. Sisi watoto tuliizunguka kwa njia ya mtoni, tukikimbia.

Kisha mama akaanza kuumwa na kisogo, masikio yakimvuma kama ana nyuki ndani. Cucu akamwambia avumilie, laana iliyolala haiguswi. Akavumilia msimu mzima wa kuchuma kahawa. Siku moja akanishika mkono, tukapita njia ya dispensari yenyewe, mchana, majirani wakitazama.

Nesi alipokunjua kitambaa nikaanza kulia. Mama aliketi.

"Kama ni laana, inikute nimeketi," akasema. "Funga."

Presha ilikuwa juu. Nesi akauliza nani nyumbani ameanguka, mama akawataja. Akasema hiyo hushuka kwa damu, mama hadi mtoto, lakini haiji peke yake: kuna chumvi tunayonyunyiza juu ya githeri, mahindi na maharagwe yetu, iliyokwisha kutiwa chumvi, kuna ugoro, kuna unene, mawazo, na umri wenyewe. Kitambaa hakileti kitu, husema tu kilichomo. Akampa vidonge.

Cucu alitungoja langoni, macho kwenye miguu ya mama. Mama hakuanguka. Aliingia jikoni akapika kwa chumvi kidogo. Cucu akaonja, akasukuma sahani.

"Wanjiku, hiki ni chakula cha mgonjwa."

"Ndio, maitu," mama akamjibu mzazi wake. "Na wagonjwa tuko wawili."

Cucu akacheka kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, akala. Ugoro hakuuacha.

Siku hizi, kwenye foleni ya kliniki hapa Ruiru, nasikia watu wazima wakisema ukipimwa presha ndio unaipata. Siwacheki. Cucu hakuwa mjinga. Alipimwa kweli na akaanguka kweli. Hata kwamba kitu kile kinashuka kizazi hadi kizazi, aliona sawa. Alichokosea ni kumlaumu shahidi. Lakini mama ndiye anayenijaza fahari: aliogopa kama sisi wote, akanyoosha mkono.

Aliishi akawabeba wajukuu wangu. Alipotutoka, kaka yangu alirithi shamba, dada yangu akachukua cherehani akaenda nayo Mwihoko. Mimi nilirithi presha. Na binti yangu Wairimu, ambaye bado hana, alirithi kichwa kigumu cha mama: hufunga duka lake Thika akaenda kupimwa, bila kusukumwa na mtu.