Kugeuza Kakao Siku za Kilio

Nilimgusa baba mkono, ulikuwa baridi. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya jikoni, nikaingiza mkono ule ule chini ya majani ya migomba yaliyofunika sanduku lake la kakao. Kakao ilikuwa moto kama mtoto mwenye homa.

Baba alianguka uani asubuhi hiyo, akienda kunawa uso. Walisema ni presha. Mimi nilikuwa Butembo, ninakofundisha shule ya sekondari na kupanga chumba, na mama aliponipigia simu alisema neno moja tu: "Kuja." Nilipanda gari nikiwa bado na sweta la baridi ya Butembo. Tulipofika Maboya, njiani, nilikuwa nimeshaelewa, kwa sababu mama si mtu wa kuita bila kueleza. Beni nilishuka ninatoka jasho, na kabla sijafika nyumbani kwetu, komini ya Ruwenzori, niliona turubai limeshafungwa kwenye miti na viti vya plastiki vinashushwa.

Ndani wanawake walilia. Mimi nilisimama nikimtazama baba na machozi hayakuja. Nilijiuliza kwa nini hayaji, na kujiuliza kukayazuia zaidi. Ndivyo nilivyo. Tangu niliposoma falsafa chuo kikuu, na pengine hata kabla, kila kitu kinachonipata lazima kwanza kipitie kwenye maswali kama gari kwenye kizuizi cha askari. Baba alizoea kunichokoza: "Ile falsafa yako, inaweza kukausha kakao siku ya mvua?"

Alikuwa amevuna shambani Mavivi siku chache kabla. Watu wengi siku hizi huuza kakao mbichi, hapo hapo shambani, kwa sababu ya wizi na kwa sababu hakuna anayejua kesho barabara itakuwaje. Baba hakukubali. Alisema kuuza kakao mbichi ni kuuza unga ukauita mkate. Aliileta nyumbani kwa pikipiki, akaimwaga kwenye sanduku la mbao alilolipigilia mwenyewe, akaifunika ichache. Jirani walilalamika harufu. Yeye aliwaambia ni harufu ya chokoleti ambayo haijaenda shule.

Kakao inayochacha lazima igeuzwe. Iliyo chini ipande juu, iliyo pembeni iende katikati, la sivyo katikati inaungua na pembe zinaota ukungu. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Na siku ile harufu iliyotoka nyuma ya jikoni ilikuwa imeanza kuacha utamu wa pombe na kushika ukali wa siki. Ilikuwa siku ya kugeuza. Mwenye kugeuza alikuwa amelala chumbani na pamba puani.

Nikavua sweta, nikafunua majani, nikachukua koleo la mbao.

Sitaki kupamba yaliyofuata. Mvuke ulinipiga usoni. Punje ziliteleza na ute wake, nikaacha koleo nikatumia mikono, nikivunja mabonge, nikitafuta kwa vidole mahali pa moto na mahali pa baridi. Sikufikiri lolote. Mimi, ambaye hata nikisali najisikiliza nikisali, sikuwa na swali hata moja. Kulikuwa na joto, harufu, mikono yangu na zile punje, basi. Nilikuwa mzima. Naogopa hata sasa kuandika neno lililo sahihi zaidi: nilikuwa na furaha.

"Uko unafanya nini pale?"

Alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, amefunga kikwembe kifuani.

"Nageuza kakao, shangazi. Itaoza."

"Ndugu yangu hajaingia mu udongo, na weye uko unafanya kazi?"

"Ni kidogo tu."

"Kidogo." Alitazama mikono yangu yenye ute hadi kwenye viwiko. "Basi iache ioze. Baba yako naye ataoza. Hata yeye utamugeuza?"

Katika ukoo wetu, mtu akifa, kazi yake hulazwa chini pamoja naye. Jembe lake haliguswi, mtego wake hautegwi, mpaka siku wanaume na mjane watakaponyolewa na mjane kuogeshwa. Anayeshika kazi ya marehemu kabla ya siku hiyo, wanasema, anamsukuma mgongoni aondoke haraka. Sikuamini. Sidhani kama naamini leo. Lakini nilifunika sanduku, nikanawa, nikaenda kukaa na wanawake, na kila nilipopitisha mkono usoni nilisikia harufu ya siki.

Hapo ndipo nilipokosea, na sijui nililie kosa lipi kati ya mawili. Kama ningeheshimu desturi, ningeiheshimu yote. Kama ningeona desturi haina maana, ningerudi kugeuza mara ya pili na ya tatu, shangazi aseme atakavyo. Nilifanya nusu huku na nusu kule, kama walivyo wasomi wengi ninaowafahamu. Tulimzika baba kesho yake. Kakao ikabaki pale nyuma, na siku zikapita, na harufu ikaanza kubadilika tena.

Lakini kilichonisumbua si shangazi wala kakao. Ni mama.

Alikuwa amekalishwa kwenye godoro sakafuni, kama mjane anavyokalishwa, miguu imenyooshwa, kichwa kimefunikwa. Dirisha la chumba kile linatazama nyuma ya jikoni. Aliongea na kila aliyekuja kumpa pole. Mimi hakuniambia neno. Alipotaka maji, nikiwa nimeketi mbele yake, alimwambia binamu yangu: "Ambia dada yako alete maji." Nikaleta. Akapokea bila kuniangalia.

Niliwaza: anajua. Si kwamba nilifanya kazi. Hilo kila mtu alilijua, shangazi alihakikisha. Anajua kwamba nilijisikia vizuri.

Mojawapo ya siku za kilio alikuja mwanamke mmoja wa shirika, mwenye gile, kile kizibao chenye nembo, wale watuliza roho tunaowaita psychosocial. Beni tumewazoea kama tulivyozoea vizuizi barabarani. Alikuwa na Kiswahili cha upole kilichochanganyika na Kifaransa. Aliomba wanawake waketi vizuri, wafunge macho, wavute pumzi polepole.

"Musifikirie jana, musifikirie kesho. Mukuwe hapa tu, mu hii dakika."

Bibi mmoja jirani akasema, "Mwanangu, nikifunga macho nitalala. Ukiona nimelala, usiniamushe. Lakini chai ikikuja, uniamushe."

Wakacheka, hata aliyekuwa analia. Mwingine akasema, bila kucheka, "Huku kwetu, mutu anafunga macho ndiyo anakufa."

Yule wa gile hakukasirika. "Donc, basi, fungueni, mama. Muangalie mikono yenu."

Nilikuwa nimejiandaa kubisha. Nilitaka kumwambia kwamba sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa kuwa makini. Tumefundishwa na bunduki. Mwanamke wa Beni akisikia mlio mahali, anajua ni upande gani na kama ni wa kukimbia au wa kuendelea kupika. Umakini wetu ndio uliotuchosha. Nilikuwa na hoja nzuri, yenye sehemu ya kwanza na ya pili.

Kisha nikaangalia mikono yangu kama alivyosema, na hoja ikaniishia. Kile alichokuwa akituomba tufanye, mimi nilikifanya nyuma ya jikoni bila mwalimu, baba akiwa bado ndani.

"Na kama mutu akijisikia muzuri?" niliuliza. "Wakati hapaswi?"

"Nani amesema hapaswi?"

Aliyesema alikuwa ameketi upande wa bega langu la kushoto akinywa chai. Shangazi akapuliza kikombe chake. "Endelea, mwalimu," akamwambia yule mwanamke. "Huyu anauliza tangu alizaliwa. Mama yake alimunyonyesha, yeye anauliza kama ni maziwa."

Siku ya kunyoa ikafika. Mama akaogeshwa, akavaa nguo safi, akasimama mwenyewe kwa mara ya kwanza. Watu walipotawanyika na turubai lilipofunguliwa, alitoka akaenda moja kwa moja nyuma ya jikoni. Nikamfuata kwa mbali, kama mtu anayeitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Akafunua majani. Sikuhitaji kusogea ili nijue. Ilinuka kama ngozi iliyoloweshwa na kusahauliwa. Pembeni ukungu mweupe, katikati punje nyeusi.

"Tuanike," akasema. Neno lake la kwanza kwangu.

Tukatandika turubai lile lile la kilio kwenye jua, tukamwaga, tukaanza kuchambua. Zilizooza huku, zinazoweza kukauka kule. Tulipiga magoti tukitazamana. Nilimtazama usoni mara moja nikaona hana nyusi. Walikuwa wamezinyoa pamoja na nywele. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeshangaa, ingawa hakuwa anashangaa.

"Ulikuwa unaimba," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Ile siku. Ulikuwa unageuza na ulikuwa unaimba."

Sikukumbuka kuimba. Nilitafuta kichwani mwangu na sikupata hata sauti. Lakini mama hasemi uongo, na dirisha lilikuwa pale.

"Mama, miye sikujua."

"Najua haukujua. Ungejua, ungeacha." Aliendelea kuchambua. "Nilikasirika sana. Nilisema mu roho yangu, huyu mutoto ni jiwe. Nilitaka nisimame nikupige kofi, lakini mjane hasimami."

"Nisamehe."

"Ngoja, sijamaliza. Nilikasirika ile siku moja. Kesho yake ilikuwa ingine kitu. Batu banakuja, banalia juu yangu, nami miguu imekufa ganzi, mikono iko tu hapa." Alionyesha mapaja yake. "Nikasema, yeye alipata fasi ya kuweka mikono. Miye hapana. Ilikuwa wivu, mutoto yangu. Ile wivu ndiyo ilinifunga kinywa, siyo hasira."

Nilisubiri kujisikia mwepesi, na sikujisikia. Afadhali angenipiga kofi lile. Maana siku zote zile nilipokuwa nikijihukumu kwa furaha yangu, sikuwaza hata mara moja juu ya mikono yake iliyokaa bure mapajani. Hata hatia yangu ilikuwa ya ubinafsi. Nilikuwa nimeipamba na kuizungusha kila upande, naye alikuwa mbele yangu akiomba maji.

Zilizopona hazikuwa nyingi. Alizipapasa kwa kiganja, akasema hizo hazina ubora wa baba, na kwamba Mavivi kuna matunda yameiva mitini na panya hawajui habari za kilio. Akaniuliza nitarudi Butembo lini. Nikasema shule wameniruhusu hadi mwisho wa juma. Nilikuwa nimeruhusiwa siku chache kuliko hizo, lakini nilimwandikia mkuu wa shule ujumbe kuomba zaidi.

Tulikwenda asubuhi kulipokucha vizuri, kwa pikipiki moja, dereva mbele, mimi katikati, mama nyuma na panga limefungwa kwenye gunia. Kwenye kizuizi karibu na uwanja wa ndege askari mmoja aliangalia kichwa cha mama kilichonyolewa, akashusha kamba bila kuuliza vitambulisho. "Kende malembe, mama," akasema kwa Kilingala chake, twende polepole.

Shambani tulikata matunda, tukayarundika, tukakaa chini kuyapasua. Mama anapasua kwa pigo moja tu. Mimi natafuta mahali, nasitasita, napiga mara mbili. Alinitazama nikihangaika. Akachukua punje yenye ute mweupe akaifyonza, kama watoto wanavyofyonza, na tunda langu likaniponyoka likabingirika hadi kwenye matope ya mfereji, nami nikalifuata kwa magoti.

Akacheka. Kicheko kizima, cha tumboni, cha zamani. Kisha kikakatika. Akajifunika mdomo kwa ncha ya kikwembe na kunitazama kwa macho niliyoyafahamu, macho ya mtu aliyefumaniwa.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na maswali pia. Nikageuza uso kwenye mti, nikajifanya ninaangalia kama kuna tunda lingine limeiva huko juu, nikaangalia kwa muda mrefu, hadi niliposikia panga lake likianza tena.