Marehemu Walioitikia Majina Yao

Programu ya kompyuta ya klabu yetu ya mchezo wa kuviringisha tufe hapa mjini Paysandú iliandikwa na Heber Zunino, bure, kwa mapenzi na kwa majigambo. Urefu wa programu hiyo aliupenda kama wanaume wa hapa wapendavyo vitambi vyao baada ya nyama choma ya Jumapili.

Urefu huo aliupata kwa kunakili. Aliandika ghala la wanachama, yaani sehemu inayotafuta, kuhifadhi na kufuta majina. Lilipotakiwa la wachezaji, akanakili lile lile na kubadili jina. La wadhamini, vivyo hivyo. La marehemu, vivyo hivyo. Ivonne, mfanyakazi mwenzake, alimshauri aandike ghala moja tu, lenye nafasi iliyoachwa wazi ya kutaja linatunza nini, na mkataba mmoja wa kutimizwa na chochote kinachoingia humo: kiwe na namba, kiwe na jina, kiseme chenyewe kinakaa jedwali gani.

"Sema tu unaona uvivu kuandika, dada," Heber akamjibu.

Ikafika siku ya kuwakumbuka wafu. Katibu husoma majina ya wenzetu waliotutoka, na ukumbi mzima huitikia "Yupo." Mama Nélida alikuja na koti lake la heshima, kwani jina la mumewe, Olidio, lingesomwa kwa mara ya kwanza.

Katibu akasoma kwenye skrini: Rúben Cardozo. Tukaitikia. Rúben mwenyewe akaitikia, andazi mdomoni, kisha akaacha kutafuna. Likafuata jina la baba yake Heber.

"Kumbe ndiyo maana leo hakuna aliyenisalimia," mzee akasema.

Watu wakaangua kicheko. Heber naye alicheka, mpaka akaelewa. Katika nakala ya marehemu alibadili kila kitu isipokuwa mstari wa kutafuta, ambao bado ulikuwa ukichota majina kwa walio hai.

Katibu akazima skrini, akaahirisha shughuli hadi Jumapili. Mama Nélida alikuwa bado amesimama.

"Na Olidio wangu?"

Kicheko kikakatika. Heber akainama kukagua kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mama yule akampita bila salamu.

Wiki hiyo Heber alifuta nakala zote. Likabaki ghala moja na mkataba mmoja, na fahari yake yote ikarudi fupi kama suruali iliyofuliwa kwa maji ya moto. Ivonne alipoiona hakumsimanga, na Heber angelipa hata pesa ili asimangwe tu yaishe.

Jumapili Olidio Pintos alisomwa wa kwanza. Tuliitikia sote, isipokuwa mmoja aliyejibanza nyuma karibu na mlango. Mama Nélida akageuka.

"Itikia na wewe, mwanangu. Si ndiwe uliyemfuta?"

Hakumfuta, alikosea mahali pa kumtafuta. Alikuwa na maelezo yake yote tayari. Akayameza.

"Yupo," akasema, kwa sauti ambayo hata mlango haukuisikia.

"Hajasikia," Mama Nélida akamwambia.

Akarudia.