Nusu ya Baba

Mshumaa ukizimwa, moshi wake hubaki hewani kidogo, mwembamba, wenye harufu ya nta na uzi ulioungua. Harufu hiyo ikinifikia, hata nikiwa kanisani katikati ya watu, mimi hunyamaza na kusubiri. Ngoja niwaeleze ninachosubiri.

Kwetu Lunyo, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, wakati wa utawala wa askari, mshumaa ulikuwa kitu cha kutunzwa. Sabuni, chumvi, sukari, vyote vilikuja kwa magendo kutoka upande wa Kenya. Kwa hiyo jioni tuliuwasha mshumaa kwa ishara ya msalaba na sala ya Nasadiki tu, kisha mama akaupuliza, na rozari ikaendelea gizani. "Mungu anatuona bila taa," alisema. Mdogo wangu Wandera aliupenda mpango huo, kwa sababu aliweza kusinzia bila kuonekana. Amina yake ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zetu zote, maana baada yake kulikuwa na chakula.

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu. Alisomea dini upande wa Kenya, ndiyo maana tulisali kwa Kiswahili. Yeye alisema nusu ya kwanza, "Salamu Maria, umejaa neema," mpaka mwisho wake, nasi tukapokea, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole, kama mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo mlimani.

Siku moja alikwenda parokiani, njia ya Tororo, kuchukua mishumaa ya kigango. Hakurudi. Kesho yake baiskeli yake ililetwa na Mzee Abdu, Mwislamu wa mjini Busia aliyesafirisha mizigo kwa lori. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mama Nabwire, mimi naleta hii tu," alisema, akimwita mama kwa jina langu. "Pale kwa kizuizi cha askari wanamshusha. Wanasema yeye anavusha watu Kenya. Naona kwa macho yangu, wanamweka kwa buti ya gari."

"Kwa buti?"

"Kwa buti, mama yangu. Pole."

Mama alikaa chini palepale, penye vumbi. Mimi sikuwa nimepanda gari hata siku moja. Nilifikiri tu kwamba buti, lile sanduku la nyuma ya gari, ni mahali pabaya pa kukaa mtu mrefu kama baba, na kwamba atarudi akilalamika magoti.

Jioni ile mama aliwasha mshumaa, akauzima. Tukangoja nani aanze. Kukhu, bibi yetu mzaa baba, akakohoa. Muda ukapita, urefu wa ile nusu ya baba hasa, kisha mama akasema peke yake, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," nasi tukadakia. Halafu kimya tena. Halafu jibu. Mafumbo yote matano tuliyasali hivyo, na kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hatukusali kwa namna nyingine. Wageni walishtuka, wakaacha kuja kusali kwetu.

Mimi nilikiogopa kimya kile. Ndani yake nilisikia kuni zikijipasua jikoni, na mbuzi akijikuna ukutani. Jioni nyingine nilisikia pumzi, kama ya mtu anayejiandaa kusema. Sikumwambia yeyote. Lakini Wandera naye hakusinzia tena.

Askari walipokimbia, watu waliojificha Kenya walianza kurudi, magodoro vichwani. Kila aliyeingia njia yetu, kukhu alisimama amtazame. Mwishowe akaacha kusimama. Kwetu, mtu aliyepotea bila mwili kuonekana huzikwa kwa tunda la mwegea badala ya mwili, lile refu na zito, ili roho yake ipate mahali. Kukhu akataka lizikwe.

"Mwanangu analala nje," alimwambia mama, tukiwa tumeshapiga magoti. "Na wewe unamnyamazia kama mtu aliyekwenda sokoni!"

"Mama, mimi simzuii."

"Unamzuia! Kila jioni unamwekea nafasi hapa. Ataondokaje?"

Mama akasema kwa upole, "Basi anza wewe, Mama. Wewe ndiye uliyemfundisha kusema."

Kukhu akaanza, sauti kali ya hasira. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe. Umebarikiwa kuliko wanawake wote, na Yesu, mzao wa tumbo lako..." Hapo akakwama. Akarudia, "mzao wa tumbo lako," na neno la mwisho, "amebarikiwa," likakataa kutoka. Nikasikia rozari yake ikianguka sakafuni. Mama alitambaa kwa magoti mpaka kwake, akamkumbatia, na jibu alilisema akiwa amemshika hivyo, huku kukhu akilia.

Wiki ileile tulilizika tunda nyuma ya nyumba, limevikwa kanzu ya baba. Baada ya hapo kukhu ndiye aliyetuongoza. Neno lile alijifunza kulipita, ingawa si kila jioni.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba miaka ile kila mtu mzima alijua: aliyewekwa kwenye buti harudi. Siku moja, tukipepeta wimbi, nikamwuliza mama kama naye alijua.

"Nilijua siku ileile," alisema.

"Basi tulikuwa tunamngoja nani?"

Aliendelea kupepeta. "Sikujua kama walimpa nafasi ya kusali," alisema. "Nikamwachia nusu yake aisalie nyumbani."

Nilikumbuka jibu letu, lile tulilolisema kila baada ya kimya, Wandera na sauti yake ya njaa: utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Jioni zote zile nilidhani tunamngoja mtu arudi. Kumbe tulikuwa tumepiga magoti kando yake, tukimsaidia kufa.