Viti Mia Mbili vya Waya Damaris

Mimi sikujua kiti cha plastiki kinaweza kukamatwa. Nilidhani wanaokamatwa ni watu.

Dada ya baba yangu, Damaris, ambaye sisi watoto humwita Waya, hukodisha viti mia mbili na hema mbili kwenye matanga huku Homa Bay. Akivishusha anavihesabu kwa sauti, akivipakia anavihesabu tena. Lakini kudai aliyefiwa hawezi. "Mtu analia, nimwambie nini?" Basi watu wanazika, wanapumzika, wanasahau.

Hema alizichukua kwa Mokaya, muuza hema, kwa mkopo, na Mokaya alipochoka kungoja akaenda kortini. Hakimu alimpa Waya siku thelathini alipe. Waya akarudi ametulia, kama mtu aliyetoka baraza la chifu. "Kesi imeisha," akatuambia. Kumbe hukumu ndiyo inaanza kutembea. Siku thelathini zikapita, Mokaya akachukua hati ya kukamata mali kortini, na Ijumaa moja dalali wa mahakama, Maxwell, akaingia kwetu na kalamu. Kitanda, sufuria na nguo hakuandika. Alisema sheria inamkataza. Aliandika viti na hema.

"Una siku saba, mama. Zikiisha, napakia."

Siku ya saba, Ijumaa tena, viti vilikuwa kwa mteja wake Duke, njia ya Mbita. Mwili wa mamake ulikuwa umefika nyumbani, kesho yake azikwe. Waya alikuwa amekusanya elfu arobaini na moja. Zilibaki elfu tisa. Saa tisa mchana lori la Maxwell likasimama langoni. Nakwambia, moyo wangu uliruka kama samaki wa omena kwenye beseni.

"Siku yako inaisha leo, mama," Maxwell akasema. "Nitangoja hapa hapa mpaka kesho."

"Kaa basi," Waya akamjibu, akamsogezea kiti. Kimoja cha vile vile alivyofuata. Akina mama wa jikoni, bila kuuliza, wakamletea ugali na nyama.

Duke akaja. "Waya, huyu ni mgeni wa upande gani?"

"Ni mgeni wa viti. Kesho asubuhi anavibeba."

"Kesho? Kesho si ndiyo tunazika?"

"Watu watakaa kwa nyasi."

"Na wakwe zangu wanaotoka Migori?"

"Nyasi ni nyingi, Duke."

Halafu Waya akafanya kitu sijawahi kuona. Alivuta pumzi, akamtazama aliyefiwa machoni. "Ya leo ni elfu tano. Na ya matanga ya babako, mwaka jana, elfu nne, bado uko nayo."

Duke alitazama viti, akatazama lori. Nadhani akilini aliwaona wakwe wamekaa chini na suti zao, maana alimwita mweka hazina wa kamati ya mazishi, "Tony, leta bahasha ya kamati."

Waya akaunganisha hizo elfu tisa na zake. Maxwell akanawa mikono, akazihesabu elfu hamsini zote mara mbili, gharama zake zikiwa ndani, akaandika risiti na kutia sahihi. Mimi nilitaka kupiga kelele, lakini ilikuwa matanga.

Maxwell akakaa tena, akavuta sahani yake. Waya akakunja risiti, akaiweka kifuani.

"Sasa inuka, bwana dalali," akamwambia. "Hicho kiti ni changu, na kuna mzee amesimama pale."

Maxwell akamaliza nyama yake amesimama, akicheka.