Ncha ya Sindano

Shangazi yangu ni fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja sasa, na wateja humwita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake hata akienda msibani. Kitambaa hakitazami. Anakisugua kwa vidole viwili, amefumba macho, kisha anakwambia kama kitachuja au kitarudi kikifuliwa. Mimi, mtoto wa kaka yake, nakaa naye dukani nikishona vifungo na kubishana na wateja, kazi ninayoiweza zaidi.

Ganzi ilimwanzia kwenye vidole vya miguu, akaicheka. Ilipopanda magotini akaacha kuicheka. Siku ilipofika mikononi alinisogezea kipande cha kitambaa, akajitia hana haraka.

"Mwanangu, hebu nishikie hiki. Pamba au siyo?"

Ilikuwa pamba, hata mtoto mdogo angejua. Nikasema tu ndiyo.

Daktari alikuwa kijana mpole, na upole wake sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na shingo yake, iliyogeukia kompyuta muda wote. Siku ya kwanza aliagiza kipimo cha damu, ya pili damu na mkojo. Sukari sawa, figo sawa, damu ya kutosha. Mkono wa shangazi hakuugusa.

"Vipimo vyote safi, mama. Labda uchovu. Au una mawazo."

Tulipotoka, shangazi alisimama kando ya barabara. "Kwani mimi naongopa?" aliniuliza. Nilimwona anaogopa kweli kweli. Mikono hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote, nayo ilikuwa inamfia huku karatasi zikisema mzima, na hakuna mtu wa kumtibu mzima.

Asubuhi ya miadi ya tatu sindano ya cherehani ilikatika akishona sketi ya shule. Kwake, sindano ikikatika kazi husimama. Vipande hutafutwa vyote, hupangwa mezani mpaka sindano itimie, ndipo nguo itoke dukani. Hataki mtoto wa mtu achomwe. Kipande cha juu tulikikuta kwenye mashine, ncha hatukuiona. Nikapitisha sumaku sakafu nzima, nikaikung'uta sketi, nikapapasa pindo lote.

"Imo humo humo," alisema, akaifungia sketi kabatini. "Haitoki leo."

Kule hospitali, daktari alikuwa na majibu mapya. Aliyasoma mara mbili, nadhani kwa kutuonea huruma. "Safi kabisa, mama. Hapa sioni ugonjwa."

Shangazi alisogea mezani kwake. "Baba, nisikilize mimi, siyo hiyo karatasi. Sisikii kitu mikononi. Naogopa. Nikipoteza mikono hii nitakuwa nani?" Akaiweka yote miwili juu ya majibu yake, viganja juu, akafumba macho ili asilie mbele ya kijana wa watu.

Ndipo nikaona. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimevimba, na damu kidogo iliyoganda ambayo ungedhani ni doa la chaki nyekundu. Katikati yake kichuma kilichomoza, na kiuzi cheupe bado kimening'inia kwenye tundu lake. Mimi niliyeshinda naye asubuhi nzima nilikagua sketi, nikakagua sakafu, mikono yake sikuitazama.

Nilimgusa daktari begani, nikamwonyesha kwa kidole. Shingo yake ikageuka. Akabonyeza kile kidole pembeni, taratibu, akimtazama shangazi usoni. Uso haukukunjamana. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akachukua koleo ndogo, akakishika kichuma na kukivuta mpaka kikatoka chote, chembamba, urefu wa punje ya mchele. Akakiweka juu ya karatasi ya majibu.

"Shangazi," nilisema. "Ncha imepatikana."

"Alhamdulillahi," alisema, macho bado amefumba. "Ilikuwa kwenye pindo?"