Bastola ya Kukwama

Jumamosi nilimtafsiria jirani yangu, Mkongomani wa mtaa wetu wa Newburg, kwenye duka la silaha. Alitaka bastola ya kuaminika kwa bei nafuu. Mkewe alisimama nyuma yake, amekumbatia mkoba.

Muuzaji aliweka mbili mezani. "Hii haikwami. Hii iliyotumika ni rahisi, ila wakati mwingine hukwama."

Nikatafsiri. Mke akanyoosha kidole. "Bon, mutupatie ile ya kukwama."

"Mama watoto, itanisaidia nini?"

"Wewe ukishituka usiku, unarushaka mukono mbele ya kufungua macho. Na mwenye kuendaka choo usiku ni mimi."

Nilipomweleza muuzaji, alizirudisha zote kabatini, akatuonyesha kufuli la mlango.

Unayetafuta bastola ya kuaminika, kwanza muulize anayeamka kwenda chooni.