Mama Simu na daktari aliyenuna

Saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula. Mhazili wa chuo cha udaktari amebaki mezani, simu sikioni, viatu amevivua. Anajua huu ndio wakati daktari wa zahanati hunawa mikono na kukaa.

"Shikamoo daktari. Ni mimi tena. Usikate."

Chuoni wanamwita Mama Simu. Kazi yake ni kuwaunganisha wakufunzi na madaktari wa mitaani, wanaowafundisha wanafunzi kwenye vituo vyao bila malipo. Mwanafunzi asiyepita kwao hahitimu.

Zamani chuo kilituma barua pepe. Hazikusomwa. Mwanafunzi alifika na begi lake, daktari akamuuliza katumwa na nani.

Mwaka jana wakubwa waliunda kundi la WhatsApp, wakawatia humo madaktari na wanafunzi pamoja. Daktari huyu, mkongwe wa zahanati ya sokoni, alidhani anaongea na Mama Simu peke yake. Akatuma ujumbe wa sauti kuhusu mwanafunzi aliyekuwa kwake: kijana wenu ana adabu na akili, ila tukipasua jipu, anayehitaji kitanda ni yeye.

Kundi zima lilisikia. Kijana akaacha kwenda zahanati. Daktari akajitoa kwenye kundi, akaapa hapokei mwanafunzi tena.

"Hakumkasirikia mtoto, alitukasirikia sisi," anasema Mama Simu. "Tulimweka mtu mzima sebuleni, tukamwambia yuko chumbani."

Kundi limefutwa. Sasa anampigia kila daktari peke yake, na vocha anajinunulia. Mumewe humtania kwamba ana wachumba wengi wa makoti meupe.

Leo anamwombea nafasi kijana yule yule wa jipu. Vituo vingine vimejaa. Akikosa nafasi, kijana atarudia mwaka, na baba yake amekwisha sema hana cha kuuza tena.

Anamweleza daktari kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyeomba kurudi kwake. Kazi imemfundisha kungoja.

"Aje Jumatatu," sauti inasema hatimaye. "Ale kwanza, asije na tumbo tupu. Na habari zake nitakwambia wewe, mama, si uwanja wa mpira."

Mama Simu anakata simu, anatafuta viatu kwa vidole vya miguu. Mwakani anastaafu. Anataka kabla ya hapo awapeleke wakufunzi zahanati moja moja, wakae benchi na wagonjwa, wasalimiane na hao madaktari uso kwa uso.

"Mimi nikiondoka," anasema, "nani atajua asubuhi hawapokei simu?"